Excel, nyota ngapi? Namba za NIDA za kikundi kizima zimepotea

Naandika nikiwa bado na hasira. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na hesabu zote ziko kwenye Excel, programu ya majedwali, katika laptopu yangu. Majuzi tulitakiwa kupeleka orodha ya wanachama yenye namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Nikakaa usiku nikaziingiza zote, watu arobaini na kitu, kisha nikavichana vikaratasi walivyoniandikia, maana namba ya mtu si ya kuachwa mezani.

Kila nilipobonyeza Enter, namba ilijikunja ikawa kitu kama 1.98506E+19. Sikushtuka. Nilishazoea kwamba Ctrl+Shift+1 inanyoosha namba, inaweka koma za maelfu na desimali mbili. Kwenye michango imeniokoa mara nyingi. Nikachagua safu nzima, nikabonyeza. Zikanyooka kweli. Kitambulisho cha mtu kina koma na senti! Na tarakimu tano za mwisho, kwa kila mwanachama, ni sifuri tupu.

NIDA ina tarakimu 20. Programu hii ikiona tarakimu peke yake inadhani ni kiasi, na kiasi inakishika hadi tarakimu 15 tu. Zinazozidi inazigeuza sifuri palepale, bila onyo, bila kuuliza. Nilibadilisha fomati mpaka saa saba usiku. Haziwezi kurudi, hazimo tena.

Asubuhi nikaanza kupiga simu. Mama mmoja, mwanachama tangu siku ya kwanza, akaniambia: "Mwanangu, si nilikuandikia juzi? Namba yangu umeipeleka wapi?" Hapo ndipo niliumia. Kwa matapeli wa simu waliojaa siku hizi, katibu akiomba kitambulisho mara ya pili lazima watu wamtilie shaka.

Na dawa yake ni ya sekunde tano! Kabla ya kuandika chochote, chagua safu, bonyeza Ctrl+1, chagua Text, kisha Enter. Au anza na alama ya ' mbele ya namba. Hata ile sifuri ya mwanzo ya namba za simu haitapotea. Kwa nini hili halisemwi kwanza? Kila anayefundisha njia za mkato za kibodi anaanza na herufi nzito, Ctrl+B, kana kwamba hiyo ndiyo shida yetu.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini sitasema uongo: F4 inarudia kitendo cha mwisho, na ile brashi ya kunakili fomati ukiibofya mara mbili inabaki mkononi mpaka ubonyeze Esc. Jedwali la michango lililokuwa likinila jioni nzima sasa ni nusu saa. Basi tatu.

Hapana, mbili. Kuna wanachama wawili mpaka leo hawajanitumia namba zao, na simu zangu hawapokei.