Everfair ya Nisi Shawl: majasusi, uchawi na Congo ingine

Kama unajiuliza kama inafaa kusoma Everfair, riwaya ya Nisi Shawl, ninaanza na jibu: ndiyo, isome, na kama uko muntu wa Lubumbashi ao wa Likasi isome mbio zaidi, hata kama Katanga haionekane sana ndani. Nisi Shawl ni mwandishi wa Marekani, Everfair ilitoka 2016, iko mu Kingereza, na ile mwaka ilifika mu fainali ya Nebula, prize ya Marekani ya riwaya za sayansi na mambo ya ajabu.

Habari iko hivi. Basoshalisti ba Fabian Society ba Uingereza na bamisionere Weusi ba Marekani banachanga makuta, banaenda kununua kipande ya udongo wa Congo ku Leopold II mwenyewe, mfalme wa Ubelgiji, banaweka pale inchi mupya kwa bantu benye kukimbia kazi ya kulazimishwa ya kuvuna mpira wa miti. Kutoka hapo historia inapinda. Kunakuwa mitumbwi yenye kuruka mu hewa, mikono ya chuma kwa bale bakatwa mikono, na vita na basoda ba mfalme, ile yote inaanza 1889 na inafika karibu 1919.

Lakini kile kilinishika miye ni Fwendi. Eko mutoto, mukono yake ilikatwa, muchina mumoja mwenye akili ya mashini, bote banamuita Tink, anamutengenezea mukono mupya. Na Fwendi eko na kipawa cha kwabo: roho yake inaweza kuingia mu paka, anaona na macho ya paka, anasikia na masikio yake, na vile njo anakuwa jasusi. Fikiria kidogo. Nani anafukuza paka mbele ya kusema siri? Kazi ya ujasusi si kupiga bunduki usiku, ni kuwa mahali bakubwa banazungumza na bo hawakuoni kama uko muntu. Bazee betu balifanya kazi ya boy mu nyumba za bakoloni banajua ile jambo muzuri sana, muntu anasimama nyuma ya meza na sahani mu mikono, bazungu banapanga mambo yabo yote mbele yake kama hakuna muntu. Uchawi wa Fwendi unatoka palepale, haujabandikwa tu juu ya habari ili ipendeze, njo maana unaaminika.

Na mu historia ya kweli pia Leopold aliangushwa na habari. Congo ilikuwa mali yake kutoka 1885 mpaka 1908, na bale balimutoa nguvu ni bantu ba kuangalia na kuandika. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya mashua, kule Antwerp akaona mashua inaleta mpira na pembe, inarudi Congo na bunduki na risasi, akaelewa kama hii si biashara. Roger Casement, konsul wa Uingereza, akatoa ripoti yake juu ya ukatili wa Congo 1904. Alice Seeley Harris, misionere, akapiga ile picha ya baba mumoja, Nsala, ameikaa, anaangalia mukono na muguu ya mutoto wake, ukishaiona hauisahau tena. Kwa hiyo mwandishi kuweka majasusi katikati ya vita na Leopold, na si majemadari, miye naona alisoma muzuri.

Kitu ingine, ile mitumbwi ya hewa inatembea na nguvu ya udongo fulani wenye kutoa moto wenyewe, udongo wenye bantu ba siri banachunga kama kitu cha dini. Muntu wa hapa anasoma pale na anasema tu Shinkolobwe! Uraniamu ya pale karibu na Likasi njo ilienda mu bomu ya Hiroshima 1945, na wakati wa ile vita Marekani ilituma majasusi ba kweli hapa Congo kuchunga ile madini isifike ku Bajerumani. Hakuna hata uchawi wa kuongeza.

Sasa mahali inachokesha. Kila sura inaanza na mahali na tarehe, halafu inaruka miezi, mara ingine miaka, unaacha muntu katikati ya hatari, unamukuta ameshaoa. Bantu beko bengi mno. Vita na Leopold, kile tulikuwa tunangojea, inapita mbio mbio, na mapendo ya Lisette na Daisy, banamuke babili ba ile inchi mupya, inachukua kurasa na kurasa. Lisette ni jasusi pia, eko muzuri, lakini miye nilikuwa nataka kurudi kwa Mwenda, mfalme Mweusi mwenye ile inchi, na muke yake Josina. Juu Mwenda njo anauliza ile swali ya maana: ni nani alibauzishia inchi yangu, Leopold aliipata wapi? Bale basoshalisti na roho yabo nzuri hawana jibu, na mwandishi hababebe, anabaacha na haya yabo. Pale njo buku inakuwa kubwa.

Na shiye tukisikia jina Mwenda, tunajua Mwenda Msiri wa Bunkeya, mfalme wa zamani wa hapa Katanga. Kapiteni Bodson alimupiga risasi 20 desemba 1891 mu safari ya Stairs, bazungu ba Leopold benye kuja kuchukua Katanga, Bodson naye akapigwa palepale, na bazee banasimulia mpaka leo kama kichwa ya Msiri ilikatwa, ikabebwa, na kila mwenye kuibeba akakufa. Njo maana kutoona Katanga mu hii buku kuliniuma kweli, uchawi na vita na siri za bazungu, byote byalikuwa hapa.

Miye naipatia 4 ku 5. Kama Kingereza yako iko kidogo, soma polepole na uandike majina ya bantu pembeni, bila vile utapotea mbele ya kufika katikati. Ya pili inaitwa Kinning, ilitoka 2024, usianze nayo.