Chembe za silika kwa mbegu za bustani: zinafaa sana pwani, bara si lazima

Adui wa mbegu za mboga huku pwani ni hewa. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, unyevu wa hewa hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na mbegu haikauki kupita hewa inayoizunguka. Anika maharage kwenye ungo kivulini hata wiki mbili, bado yatabaki na unyevu wa asilimia 13 au 14. Ukiyafunga kwenye chupa yakiwa hivyo, umeyafungia na ukungu wake. Hapo ndipo chembe za silika (silica gel), vipunje vinavyonyonya unyevu wa hewa, zinapopata kazi, na kazi hiyo zinaifanya vizuri.

Madukani kuna nyeupe zisizobadilika rangi, za buluu zinazogeuka waridi, na za chungwa zinazogeuka kijani. Chukua za chungwa. Nyeupe hazikuonyeshi zimeshiba lini, na za buluu hutiwa kobalti, sumu isiyofaa kukaa jikoni. Vipakiti vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu achana navyo: aghalabu vimeshanyonya unyevu wote vinaoweza, na hata vingekuwa vikavu, gramu moja au mbili hazikaushi kitu.

Kipimo ni uzito kwa uzito: mbegu gramu 100, chembe gramu 100. Mbegu ziingie zikiwa zimeshaanikwa, zisitoke moja kwa moja kwenye tunda. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, andika jina, mwezi na mwaka kwa penseli, kisha ziweke juu ya chembe ndani ya chupa ya kioo na ufunge. Mchicha, nyanya na sukuma wiki huwa tayari kwa siku 3 au 4; maharage, kunde na maboga huhitaji wiki nzima au zaidi. Chembe zikigeuka kijani zote kabla ya muda huo, weka nyingine kavu. Mbegu ya boga iliyokauka hukatika ukiikunja; punje ya haragwe ukiigonga kwa nyundo hupasuka vipande, haibondeki.

Zikishakauka zihamishe kwenye chupa ndogo pamoja na kijiko kimoja tu cha chembe. Watu wengi huacha kipimo chote humo kwa miezi, na jamii ya kunde ndiyo huumia: haragwe lililokauka kupita kiasi likikutana na maji mengi ghafla hupasuka na kuoza ardhini. Likiwa limekauka hivyo, liache wazi siku mbili kabla ya kupanda ili lirudishe unyevu taratibu. Bamia nayo huwa na ganda gumu. Iloweke usiku kucha.

Chupa ina umuhimu sawa na chembe zenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mfuko mwembamba wa plastiki hupitisha mvuke hata ukiukaza vipi. Chupa ya jamu yenye kifuniko cha bati na utepe laini ndani ni nzuri kuliko makopo mengi ya plastiki ya bei kubwa. Ijaribu kwanza: tia chembe chache kavu ndani, ikiwa tupu, funga, iache wiki mbili. Rangi ikibadilika, chupa hiyo inavuja.

Chembe zilizoshiba hazitupwi. Zitandaze unene wa sentimita 2 kwenye oveni yenye nyuzi 120 kwa saa 3 hivi, mpaka rangi ya chungwa irudi. Ukizidisha moto mno rangi huungua na kuwa nyeusi, usijue tena zimeshiba au la. Asiye na oveni atumie sufuria kavu juu ya moto mdogo wa mkaa, akikoroga. Zipoe ndani ya chupa iliyofungwa; zikipoa wazi, hewa ya pwani itazishibisha upya.

Shanga za zeolaiti, madini mengine ya kunyonya unyevu, hunyonya kwa nguvu zaidi, ila kuzikausha upya kunataka nyuzi 200 na kuendelea, na ni rahisi kukausha mbegu kupita kiasi. Zinafaa kikundi kinachozalisha mbegu kuliko bustani ya nyumbani. Mchele uliokaangwa mkavu husaidia kidogo, tena uwe mwingi mara kadhaa kuliko mbegu. Majivu yanafaa zaidi kuzuia wadudu.

Friji ije baada ya kukausha. Mbegu mbichi kwenye friji huota ukungu, na kwenye friza hufa kwa barafu inayojijenga ndani yake. Ukitoa chupa, usiifungue mpaka ipate joto la chumba, la sivyo jasho litazilowesha mbegu. Kunde na maharage yaliyokwisha kukauka yakae friza siku kadhaa ili mayai ya wadudu wanaobungua yafe.

Aliyeko Dodoma au Singida asinunue chembe hizi kwa haraka. Kiangazi, hewa ya mchana ya huko inakausha bure: anika kivulini, funga chupa alasiri kabla hewa ya usiku haijaingia.

Usitarajie chembe za silika zifanye mbegu zote zidumu sawa. Kitunguu kikiachwa kwenye joto la kawaida huanza kudhoofika baada ya mwaka mmoja, ilhali nyanya hufika miaka 4 au 5. Kila msimu otesha punje 20 za kitunguu kwenye tishu yenye unyevu. Zikiota chini ya 10, panda zote zilizobaki mwaka huo huo, na uzisie kwa wingi.