Nimepaka upya chambo zangu za sangara nyumbani, na kilichonitesa sio rangi

Wakuu, nimejaribu njia tatu za kuziba rangi ya chambo bandia isichubuke na zote nimeziburuta Ziwa Victoria kuanzia Igombe mpaka Kayenze, kwahiyo hapa naandika nilichokiona kwa macho yangu.

Kwanini nilianza? Chambo nzuri ya sangara, ile ya plastiki ngumu yenye ulimi mbele wa kuizamisha, hapa Mwanza huipati kirahisi, mpaka mtu akuletee toka nje na bei yake inauma. Halafu ziwa letu unalijua, mawe kila kona, ukiipitisha kwenye mawe mara mbili tu tumbo limechubuka. Sangara nae hana yale meno marefu ya kutoboa, mdomo wake kwa ndani ni kama msasa, akiibana akatikisa kichwa rangi inaondoka nayo. Ila mchawi mkubwa ni ndoano zenyewe, zile za meno matatu, zinapiga ubavu uleule kutwa nzima mpaka zinachora nusu duara. Zangu nane zote zilikua na mabaka meupe kama zina mba.

Kupaka sio ishu. Unatoa ndoano na ringi, unaosha na sabuni mafuta yatoke, msasa namba 400 halafu 600 ukiwa na maji, ulimi unaufunika na selotepu, unapiga praima nyeupe. Usiiruke hiyo nyeupe, njano ukiipuliza juu ya plastiki nyeusi inakua rangi ya tope. Magamba nilitumia kipande cha chandarua kilichochakaa, unakivuta kibane ubavuni, unashika na vibanio vya nguo, unapuliza rangi ya giza kidogo tu, ukikibandua unakuta magamba haswa. Chandarua ukikivulia samaki unakamatwa, ila ukikipakia rangi hakuna wa kukuuliza. Nne nilizipiga kama furu, mgongo wa kijivu na mkia mwekundu, mbili kama sato mdogo na mbili fedha mgongo mweusi kama dagaa. Yani vyakula vyake vilevile.

Sasa kuziba. Nilianza na rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, nikachukua ya mama watoto bila kuomba (hilo ni kosa lingine, nililipia chupa mbili). Inakauka fasta na inang'aa vizuri, lakini dawa iliyomo inayeyusha, nikaona rangi ya kopo chini yake inajikunja kama utandu wa maziwa yaliyopoa. Nikabidi niipige msasa nianze upya. Kwangu rangi ya kucha ni ya kuziba kamchubuko kadogo tu, basi.

Ya pili kliya ya magari, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi ya kung'arisha. Kuna fundi rangi huko Nyakato alikua anapuliza bampa, nikaning'iniza chambo tatu kwenye waya pembeni akazipitia humohumo, nikampa hela ya soda. Aisee zilitoka kama kioo, nyepesi, na mpaka leo hazijageuka njano. Tatizo ni nyembamba, safari ya tano ndoano zilishapenya. Halafu hiyo kitu yenye hadina (dawa ya kuigandisha) usiipulize ndani kwako, ni sumu kwa mapafu, fundi mwenyewe alikua kavaa maski.

Ya tatu epoksi, ile gundi ya chupa mbili unazochanganya ndo igande, na hapa ndo nimepoteza muda na pesa. Nilianza na ile gundi ya dakika tano ya madukani ya vifaa vya ujenzi. Sijamaliza hata upande mmoja brashi imegoma. Na kwa jua letu, chambo ya fedha baada ya wiki chache imekua kama meno ya mvuta sigara. Nikahamia kwenye epoksi ya taratibu, ile wanayomwagia meza za mbao, ya nusu kwa nusu. Mara ya kwanza nikapima kwa macho, mpaka leo ile chambo inanata vidole. Pima na sirinji, kila chupa na sirinji yake, koroga polepole dakika tatu, ukikoroga kwa fujo unajaza viputo. Vaa glavu, ngozi inaweza kuikataa ukawashwa.

Shida yake ni inatiririka, kwahiyo chambo lazima izungushwe masaa kadhaa mpaka ishike. Nikapata mota ya sahani ya maikrowevu mbovu kwa fundi redio, ikawa inazungusha polepole safi kabisa, nikaenda zangu kuangalia mpira. Umeme ukakatika. Kurudi nakuta sato wangu ana tone kubwa chini ya kidevu, limeganda, kama ana matumbwitumbwi. Siku hizi nakaa hapohapo, umeme ukikata nageuza kwa mkono.

Kingine, usinogewe. Moja niliipaka makoti matatu, ikawa nzito, kuivuta nyuma ya boti haichezi tena, inakuja imenyooka kama kijiti. Makoti mawili membamba yanatosha, na ijaribu pembeni ya maji kabla hujaenda nayo mbali.

Kwa uimara epoksi ya taratibu naipa 8 kwa 10, kliya 6, rangi ya kucha sitaki kuisikia. Furu mmoja wa epoksi amenipa sangara watatu, mmoja chini ya sentimita 50 nikamrudisha, na ukimpitisha kidole ubavuni bado laini kama yai. Nasema bado, ila yuko chini ya jiwe upande wa Luchelele tangu Jumamosi, mshipi ndo ulikatika.