Chombo cha maji ya ndege Lubumbashi: nunua sahani ya udongo, ya shaba iache ukutani

Kuanzia Mei mpaka Oktoba, Lubumbashi haina mvua ya kutegemea. Nyasi zinachomwa, vumbi jekundu linalala juu ya majani ya miembe, na ndege wa mjini wanakunywa popote wanapopata: mfereji wa maji ya kufulia, bomba linalovuja, kidimbwi cha gereji chenye utando wa mafuta. Chombo kimoja cha maji safi ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, kinawafaa sana tetere, shomoro, shore na tongo. Ila huu ni mji wa shaba, na hapa chombo chenyewe kinaweza kudhuru kuliko mfereji.

Vyombo tunavyovipima havikutengenezwa kwa ajili ya ndege. Ni vya jikoni, vya maua na vya mapambo, vile vile vinavyopangwa sokoni na kando ya barabara. Tumeviangalia kwa mambo matatu: kinaachia nini ndani ya maji, ndege mdogo anasimamaje humo, na kinasuguliwa na kukauka upesi kiasi gani. Urembo haukupewa alama.

Jambo la kwanza ndilo zito. Hewa katika mapafu ya ndege inapita upande mmoja tu, ikisukumwa na vifuko vya hewa, kwa hiyo kila pumzi inanyonywa vizuri kuliko yetu, pamoja na uchafu wake. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walitumia ndege aina ya kanari kupima hewa ya shimoni mpaka mwaka 1986. Lakini kwenye maji, njia kubwa ya sumu ni mdomo. Vumbi linatua majini na kushika manyoya; ndege akijisafisha, analimeza. Tena wala nafaka humeza vijiwe ili firigisi isage chakula. Kijiwe kikiwa punje ya madini ya risasi au kibanzi cha rangi ya zamani yenye risasi, kinakaa humo kikisagika, na tindikali ya tumbo inakiyeyusha kidogo kidogo. Ndege wa namna hiyo utamwona ameshusha mabawa, anakonda, choo chake ni cha kijani.

Sasa vyombo.

Sahani ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua, ndiyo ya kununua. Chukua yenye upana wa sentimita 35 hivi na kina cha sentimita 3 mpaka 5. Ukiijaza sentimita 2 na nusu, inachukua karibu lita 2 na nusu. Sakafu yake inakwaruza, kucha zinashika. Udongo unapitisha maji kidogo, yanatoka nje na kukauka, na kwa hiyo maji yanabaki baridi hata mchana wa Oktoba. Hilo hilo ndilo kasoro yake: saa nane mchana utakuta imepungua, na ukungu wa kijani unaota upesi ndani ya vitundu vyake. Usichukue iliyopakwa rangi wala yenye kung'aa kama kioo. Mng'ao wa vyombo vya udongo mara nyingine unatengenezwa kwa risasi, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Gonga kwa kidole kabla ya kulipa: inayolia imeiva motoni, yenye sauti butu ina ufa au haikuiva, nayo itamomonyoka majini.

Beseni la plastiki linashika nafasi ya pili, kwa masharti. Halina madini ya kuachia kama bati, ni rahisi, linapatikana kila kona. Lakini linateleza, kuta zake zimesimama, na tongo akitumbukia hana pa kupandia. Jaza mawe bapa mpaka maji yabaki sentimita 2 juu ya jiwe la kati, na jiwe moja litokeze nje. Mawe yenyewe yachague. Hapa kwetu kuna mtu ataokota jiwe zuri la kijani akaliweka katikati kama pambo. Lile ni malakiti, yaani shaba yenyewe ikiwa bado jiwe. Lisiingie majini, wala mawe meusi ya mabaki ya kuyeyushia shaba. Tumia kokoto za kawaida zilizosuguliwa. Beseni jeusi liache kabisa, juani linageuka mbabula, jiko la makaa.

Karai la bati ndilo watu wanalo tayari, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Ile ngozi yake inayong'aa ni zinki. Maji yenye uchachu, hasa ya mvua iliyopita kwenye moshi, yanaila, na unga mweupe unaouona kwenye mstari wa maji ndio zinki iliyokwisha kuachia. Wafugaji wa kasuku wanaijua sumu hiyo kutokana na nyaya mpya za vizimba: ndege anadhoofu, anatapika, choo kinakuwa cha kijani. Karai jipya ni baya zaidi kuliko kuukuu. Kama huna kingine, liwe kitako tu: geuza juu chini, panga sahani ya udongo juu yake.

Sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu, tusizitetee. Alumini yake inatoka kwenye injini, makopo na chochote kilicholetwa, na vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika vimekuta sufuria za aina hiyo zikiachia risasi. Kama ni tatizo kwa bukari, yaani ugali, ya watoto, kwa ndege wa gramu 10 halihitaji mjadala.

Inabaki ya shaba, ile sahani ya kufuliwa kwa nyundo ambayo kila mgeni anaondoka nayo. Mwuzaji atakwambia haioti ukungu wa kijani, na hasemi uongo: shaba iliyoyeyuka majini ndiyo inayoua ule ukungu. Maji yakilala humo usiku mzima, na yakiwa laini kama ya mvua, ndege wa asubuhi anakunywa kile kilichoua mimea. Juu ya ukuta inapendeza sana.

Mwenye fundi karibu anaweza kufyatua ya saruji. Saruji kopo 1, mchanga makopo 3, unene sentimita 4, ukingo ushuke taratibu kama ufuko mpaka kina cha sentimita 5 katikati. Imwagiliwe siku 7 ikiwa imefunikwa gunia. Halafu usiharakishe: saruji mpya inatoa chokaa kali, kwa hiyo ijaze maji, yamwage na kuyabadilisha kila siku kwa wiki 2 kabla ndege hajakaribishwa. Mchanga uwe wa mto, na ujue umechotwa wapi. Uliochotwa karibu na mabaki ya machimbo utakupa beseni la madini ambalo hata kulivunja ni shida.

Kuhusu mahali pa kuweka, upepo wa kiangazi Lubumbashi unatoka kusini-mashariki. Kwa sababu hiyo, moshi wa miaka mingi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, uliangukia zaidi upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko umebeba shaba, zinki na risasi mpaka leo. Vumbi lake linapopeperushwa, linatua upya. Basi weka chombo upande wa kaskazini-magharibi wa nyumba, ukuta uwe ngao, na mbali na barabara ya vumbi. Kisiwe chini ya tawi ambalo kunguru wanalala, maana kinyesi kitajaa kabla ya saa moja asubuhi. Kiwe mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka: karibu ya kutosha ndege akimbilie, mbali ya kutosha paka asimrukie. Tetere hupenda chini. Wadogo wanatulia zaidi chombo kikiinuliwa mita 1.

Kioo nacho kinaua. Nyumba mpya zenye vioo vya bluu vinavyoakisi anga ni mtego, na chombo cha maji kilichowekwa mita 4 mbele yake kinampa ndege aliyeshtuka umbali wa kutosha kupata kasi. Kiwe chini ya mita 1 kutoka kioo, au zaidi ya mita 10. Kibandiko kimoja cha mwewe hakisaidii. Nukta zilizobandikwa upande wa nje kwa kuachana sentimita 5 ndizo zinazofanya kazi.

Taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha isimulike chombo. Kurumbiza akiimba saa tisa usiku chini ya taa si baraka, ni ndege aliyedanganywa kuwa kumekucha.

Usafi ndio unaotenganisha msaada na madhara. Maji yamwagwe kila jioni, sahani ilale kifudifudi na kukauka, asubuhi ijazwe upya. Hesabu ni lita 2 na nusu kwa siku, yaani 75 kwa mwezi: hazifiki bido (madumu) 4 za lita 20. Kumwaga jioni kunafanya kazi tatu kwa mpigo. Vumbi la usiku haliingii majini. Mbu, anayehitaji siku 7 mpaka 10 kutoka yai hadi kuruka, hapati nafasi. Na kijidudu cha koo la njiwa, ambacho Uingereza kilianza kuua chiriku wa kijani kwa wingi tangu 2005, kinakufa pakikauka. Maji ya sahani yamwage chini ya mti, si kwenye lengalenga.

Mara moja kwa wiki, sugua kwa brashi, kisha loweka dakika 10 kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo 1 ndani ya maji vipimo 9, suuza mara tatu, anika juani mpaka harufu iishe. Javeli isichanganywe na siki wala limau, inatoa gesi ya kukaba. Sabuni ya kufulia usitumie: utando wake unaondoa mafuta ya manyoya, na ndege aliyeoga humo analowa mpaka ngozi usiku wa Juni unaposhuka baridi.

Kunguru ataleta mfupa au donge la bukari na kulichovya. Hapo usingoje jioni, mwaga saa ile ile. Ukiona tetere amejivimbisha, anajaribu kumeza bila kuweza, shingo ina mate na ndani ya mdomo kuna utando wa manjano, ondoa chombo na chakula chote kwa wiki 2 angalau, ili ndege watawanyike. Usimpe dawa ya kuku kwa kukisia.

Maji ya bomba ya Regideso, shirika la maji, yanafaa; yakinuka klorini, yaache wazi saa chache kwenye ndoo. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na kiwanda au kwenye bonde linalopokea maji ya machimbo, hapana. Na mvua ya kwanza ikinyesha, wengi wanakimbia kukinga kwenye mfereji wa bati ili waokoe bido. Mvua hiyo inashusha vumbi la miezi sita lililolala juu ya paa pamoja na zinki ya bati lenyewe. Acha mvua tatu au nne nzito zipite kwanza, kisha kinga.