Tkinter kwenye programu ya madirisha mengi: inafaa, ila Tk() iwe moja tu

Kwa programu yenye madirisha mawili matatu, Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha) inatosha kabisa. Kinachowakwamisha wengi ni kuita Tk(), inayounda dirisha kuu, tena ili kufungua dirisha la pili. Kila Tk() huanzisha mkalimani wake wa Tcl (lugha inayoendesha Tkinter kwa ndani), hivyo StringVar (kigezo cha kushika maandishi) ya dirisha la kwanza haifiki la pili: mtumiaji anaandika jina, nawe ukisoma kwa get() unapata patupu. Picha nazo hugoma kwa kosa kwamba hazipo. Madirisha mengine yote yawe Toplevel().

Dirisha la kuuliza swali liwekee transient(mzazi) likae juu ya dirisha lililolifungua, kisha grab_set() kuzuia madirisha mengine, halafu wait_window() kusubiri lifungwe. Kwenye Linux tanguliza wait_visibility(), la sivyo grab_set() hukataa kwa sababu dirisha bado halijaonekana. Hapa Tkinter inapendeza kweli: mistari minne, kazi imeisha.

Dirisha la mipangilio lifiche badala ya kuliua: d.protocol("WM_DELETE_WINDOW", d.withdraw), ambapo d ni dirisha hilo, na kulirudisha ni d.deiconify(). Ukiligusa baada ya destroy() utapata TclError.

Paneli za kung'oa na kupachika pembeni Tkinter haina. Ukizihitaji, nenda Qt, maktaba nyingine ya madirisha, yenye QDockWidget.