Lochi wa mlimani: chakula kipi ununue, kipi ukiache dukani

Chuchumaa mbele ya tangi usubiri lochi apande kioo. Samaki huyu hujibandika kama stempu, tumbo likikutazama wewe, kwa hiyo unaona mwenyewe kama amekula au hajala. Tumbo la aliyeshiba ni bapa au limetuna kidogo, na ndani kunaonekana ukijani au ukahawia. La mwenye njaa limebonyea, kama donge la unga lililobonyezwa kwa kidole gumba. Fanya hivyo dukani kabla ya kumlipia, na aliyebonyea mwache hukohuko hata ukipunguziwa bei.

Wangu wa kwanza walikuwa wawili, na wote walikuja kubonyea nyumbani kwangu. Muuzaji alinihakikishia kwamba hawalishwi: "Hawa wanakula uchafu wa kioo tu, kaka." Tangi langu lilikuwa na wiki tatu, kioo kinang'aa, mawe nimeyasugua kwa brashi. Uchafu wenyewe ungetoka wapi? Nilipoona mambo si mambo nikawatupia vile vipande vyembamba vinavyoelea ninavyowapa samaki wengine. Pampu ikavipeperusha, vikaishia kwenye filta. Mmoja alikufa wiki ya tano. Tangu hapo nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa ajili yao, na nimevipanga kuanzia kinachofaa zaidi.

Kigezo changu ni kimoja: chakula kinakaa juu ya jiwe, au kinachukuliwa na maji? Lochi hawa, ambao dukani utasikia wakiitwa hillstream loach, ni samaki wa vijito vyenye kasi huko Asia. Sewellia lineolata, yule mwenye michirizi, ni wa Vietnam ya kati. Beaufortia kweichowensis ni wa kusini mwa China, na jamii ya Gastromyzon ni wa Borneo. Wengi wana sentimita 6 hadi 8. Mapezi yao yametandazwa pembeni, yale ya tumboni yameungana, na mwili mzima unashika jiwe hata mkondo uwe mkali kiasi gani. Mdomo uko chini kabisa. Samaki wa namna hii hakimbizi kinachopita. Anakwangua kilichoshikamana na jiwe, polepole, kama mtu anayekuna nazi: mwani mwembamba, vijidudu vilivyomo ndani yake, na mabuu madogo ya wadudu.

Nafasi ya kwanza: mawe ya juani

Hayauzwi kama chakula, na ndiyo yanayoongoza. Chukua mawe laini ya mtoni yenye ukubwa wa kiganja. Mimi niko Arusha, nilinunua yangu kwa wanaouza kokoto kubwa za bustani. Usiokote chini ya mashamba yanayopigwa dawa. Dondoshea siki juu ya kila jiwe: likitoa povu lina chokaa, liweke kando. Yaliyobaki yaoshe kwa maji matupu, sabuni isikaribie.

Panga kwenye beseni, kisha mimina maji uliyotoa tangini siku ya kubadilisha maji. Hayo ndiyo mbolea yenyewe, usiyamwage. Weka juani. Siku chache za mwanzo hutaona kitu ila kidole kitateleza; ifikapo wiki ya pili au ya tatu jiwe lina utando wa kahawia unaogeuka kijani. Hapo lihamishie tangini, na lile lililokwanguliwa likarudi juani. Nina mawe kumi na mbili, sita ndani na sita nje, nabadilisha machache kila Jumamosi.

Jambo la kuangalia ni mbu. Beseni la maji yaliyotuama uani ni kitalu chao. Funika kwa kipande cha chandarua, au mwaga maji na kuweka mengine kila siku ya tano, kabla mabuu hayajapata nafasi ya kuwa mbu wanaoruka. Mabuu utakayoyakuta, wape samaki wengine, watakushukuru.

Unaishi gorofani na jua halifiki? Basi shuka nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: jeli

Kama utatoa pesa kwa chakula kimoja tu, kiwe hiki. Ni unga unaokorogwa kwa maji ya moto ukaganda kama jeli, na uzuri wake ni kwamba unaupaka juu ya jiwe ungali moto. Ukipoa umeshika, na pampu haiubandui. Unaojulikana zaidi ni Soilent Green wa kampuni ya Repashy: kipimo kimoja cha unga kwa vitatu vya maji yanayochemka. Kwetu huku mara nyingi ni wa kuagiza na si wa bei ya karanga, ila kopo dogo linakaa miezi kwa sababu kila mara unatumia kijiko kimoja.

Wa kujitengenezea nauweka palepale. Chemsha kikombe kimoja cha maji na kijiko kimoja cha chai cha unga wa aga, ule wanaougandishia vitinda­mlo. Koroga dakika mbili. Epua, tia mchicha uliosagwa, kijiko cha spirulina (unga wa mwani wa kijani), na dagaa wa unga kidogo sana, kama wa kunusia. Paka kwenye mawe makavu. Usitumie gelatini ya keki badala ya aga: gelatini hulainika mapema kwenye maji, ila aga ikishaganda haiyeyuki mpaka karibu 85°C. Spirulina utaipata kwa wauza virutubisho vya watu, na ni jamii ya kijani hichohicho wanachokila heroe wadogo wa Natron na Bogoria, kwa hiyo si kitu kigeni kwetu kama kopo linavyotaka tuamini. Jeli iliyobaki ikae friji wiki moja hadi mbili, au ikate vipande uigandishe.

Weka jiwe lililopakwa jioni, zima taa. Asubuhi angalia: utaona njia nyembamba zilizochorwa kwenye jeli, kila moja na upana wa mdomo wa samaki mmoja. Kilichobaki kitoe, kabla hakijaoza.

Nafasi ya tatu: vidonge bapa vinavyozama

Vinapatikana kirahisi kuliko vyote, na kwa wengi wetu ndivyo vitakavyokuwa chakula cha katikati ya wiki. Hapa soma lebo. Viambato huorodheshwa kwa wingi wake, hivyo kopo lenye picha ya majani ya kijani lakini linaloanza na unga wa samaki na ngano, huku spirulina ikiwa mkiani, ni chakula cha samaki wengine kilichovalishwa kanzu ya kijani. Tafuta kinachoanza na spirulina, mwani au mboga. Nunua kopo dogo, angalia tarehe, na vile vinavyouzwa kwa kupimiwa kwenye mfuko usio na jina vipite tu.

Tatizo la kidonge ni kwamba kinakaa mahali pamoja, na wenye mbio hukifikia kwanza. Kiegemeze nyuma ya jiwe ambako mkondo umetulia. Nusu kidonge kwa samaki watatu kinatosha. Baada ya saa mbili au tatu ondoa mabaki.

Nafasi ya nne: vya kugandishwa

Dafnia na saiklopsi, vijidudu vya majini, ni vizuri mara moja au mbili kwa wiki, kwa sababu mtoni pia lochi hula wadudu. Minyoo myekundu wanaipenda mno, lakini nawapa kwa nadra: ni mizito, nao wameumbwa kwa chakula chepesi cha kukwangua mchana kutwa. Yeyusha kwanza, kisha uzime pampu dakika kumi vitue chini, na usisahau kuiwasha. Vipande vikikutwa vimeyeyuka na kugandamana kuwa donge baada ya umeme kukatika, tupa.

Mboga za jikoni nazitia hapahapa mkiani. Mchicha uliochovywa dakika moja kwenye maji yanayochemka, tango, kipande cha zukini. Wangu hulipita tango siku ya kwanza; siku ya pili likishateleza ndipo wanalipanda, na nadhani wanachokula ni ule utelezi. Osha sana, mboga za sokoni huweza kuwa na dawa.

Vile vipande vinavyoelea havina nafasi humu.

Kabla ya chakula, pampu

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja mwezi huu, na pampu yako inatiririsha kama chai ya birika, acha chakula ununue pampu. Lenga inayozungusha maji ya tangi lote mara kumi au zaidi kwa saa. Oksijeni ndiyo inayoamua: kwenye usawa wa bahari, maji ya 20°C hubeba takriban miligramu 9 kwa lita, yale ya 30°C hubeba kama 7.5. Samaki hawa wanataka 20 hadi 24°C. Arusha, Nairobi au Mbeya haina shida. Wa Dar na Mombasa mtahitaji feni inayopuliza juu ya maji, na kuongeza maji kila siku maana yanapungua haraka. Feni nayo hushusha digrii chache tu. Tangi lako likikaa 29 au 30 mwaka mzima, samaki huyu siye wako, na sisemi hivyo kwa kukubania. Umeme nao hukatika: pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima. Ukihitaji dawa ya ugonjwa, epuka zenye shaba, ngozi yao haizivumilii.

Ukisafiri wiki moja, usimwachie jirani kopo la chakula. Nilimwachia wangu, mtu mwema kabisa, akawapa kwa huruma, nikarudi nikakuta maji kama uji. Sasa naongeza mawe manne ya juani usiku wa kuondoka, na jirani namwachia kazi ya kuangalia kama pampu inazunguka.