Miwani ya mbali na karibu Mwanza: uchukue ipi na upimweje

Ukivuka 40 hivi simu inaanza kusogezwa mbali, mkono unaisha na meseji bado haisomeki, ni umri tu. Sasa kwa mtu kama mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, anayetaka aone mzani, meseji ya M-Pesa na mteja anayekuja kule getini, mi napanga hivi.

Namba moja ni progresivu, ile isiyo na mstari, juu mbali, katikati kompyuta, chini kusoma. Ndo bei mbaya kuliko zote na ndo inayoharibika kirahisi kwa vipimo vya ovyo. Kabla hujalipa, fremu uliyochagua ikae usoni kwanza, fundi akunje sehemu za masikioni na puani za fremu mpaka isiteleze, NDO apime. Akae mbele yako macho yenu yawe usawa mmoja, we uangalie mbali, aweke doti kwa maka peni katikati ya mboni, kila jicho kivyake, maana pua za wengi haziko katikati kabisa. Kisha apime toka doti mpaka ukingo wa chini wa lenzi. Anayepima kwa rula huku fremu iko kabatini muage vizuri uondoke, hata kama duka lina AC. Na vile vifremu vyembamba vya fasheni achana navyo, sehemu ya kusomea inakatwa yote, tafuta fremu ambayo lenzi yake toka juu mpaka chini ni milimita 30 hivi. Siku ya kuchukua ivae kabla hawajafuta alama zilizochorwa kwenye lenzi, ule msalaba uangukie kwenye mboni. Ukilazimika kunyanyua kidevu sana ndo usome, imekaa chini. Mbali kukiwa na ukungu mpaka uinamishe kichwa, imekaa juu, rudisha.

Namba mbili baifokali, yenye kidirisha cha kusomea chini. Nafuu, haisumbui vipimo sana, mstari uishie usawa wa kope la chini basi. Kompyuta ndo inakosa.

Zote mbili, kushuka zile ngazi za mawe za Mabatini inamisha kichwa kizima, ukishusha macho tu unaangalia ngazi kwa sehemu ya kusomea na huoni unapokanyaga.

Tatu, pea mbili tofauti, moja ya mbali moja ya karibu, shida ni kusahau moja nyumbani.

Zile zinazopangwa na kuuzwa barabarani ni za mwisho, nguvu ya lenzi sawa macho yote, za kusomea tu. Weka moja kwenye pochi kama spea.